Taa za Gari la Vitanda

Mhariri amenisumbua wiki nzima nisimulie kisa hiki, kana kwamba sina maharage ya kuchambua. Haya.

Nilikuwa nimepeleka chai gereji moja ya Makindye. Fundi mkuu alikuwa amefunga taa mpya za LED ndani ya gari la watalii, lile lenye vitanda na jiko. Haikuwaka hata moja.

"Umetuletea taka!" alimfokea binti aliyezinunua, fundi mwenzake. "Leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa. Zikiwaka, gari hili naliosha mwenyewe, mpaka matairi!"

Binti hakulia. Alipanda, akafungua taa moja, akabadilisha nafasi za nyaya zake mbili. Kukawa kweupe hadi nikaona vumbi la kwenye jiko.

"Ssebo, bwana mkubwa, balbu za zamani hazikujali waya upi unaingia wapi," alisema taratibu, akiifuta taa kwa leso. "Hizi zinajali."

Shule niliichungulia dirishani tu, lakini ufundi nikiuona naujua. Binti hakumcheka mkuu wake wala kumzomea. Alimkabidhi ndoo.

Mkuu akaosha, jasho likimtoka, nami nikimwonyesha kila alipoacha matope.

"Jjajja, bibi yangu, inatosha," alihema.

"Bado tairi la nyuma," nikamjibu.