Karani Aliyeinamisha Kichwa

Ukungu wa Meru ulikuwa bado umelala juu ya mibuni nilipomwona karani mpya, kijana aliyetoka chuoni juzi tu, akiajiri watu wa shamba moja la kahawa huko Themi. Mzungu mwenye shamba alikwisha kumwagiza asichukue wazee.

Akaja mzee wa Kiarusha, mvi tupu. Karani, kwa malezi ya kwao, akainamisha kichwa kumwamkia. Mzee akakigusa taratibu.

"Nataka kazi ya ulinzi, mwanangu."

"Baba, nimeambiwa nichukue vijana."

"Basi nikatae. Lakini ngoja kwanza niondoe mkono."

Hakuuondoa. Nyuma yetu, kwenye foleni ya waomba kazi, mtu akacheka.

"Utalinda ghala, baba," akasema karani, bado ameinama.

Huenda chuoni walimfundisha kukataa watu, lakini si huku wakimbariki.