Kiponda, Fundi wa Matrekta ya Mbio

Ukija Junda, hapa Kisauni, kuulizia gereji ya Kiponda, utaelekezwa na yeyote, hata asiyejua kutofautisha spana na kijiko. Watakuambia huyo ndiye aliyefanya trekta la shamba liipite matatu. Watakuambia wakicheka na kupiga makofi. Mimi sicheki. Naitwa Kyalo, nachomelea vyuma katika uwanja huohuo wa gereji mwaka wa tisa sasa, na mambo yalivyokuwa nayajua kuwashinda hao wapiga makofi.

Kiponda alikulia kwenye shamba la mkonge huko Kilifi, ambako baba yake alikuwa mkataji. Walizaliwa wawili tu, yeye na Ngowa. Baba alipofariki, Kiponda akiwa na miaka kumi na sita, ndiye aliyemlisha mdogo wake na kumpeleka shule, na alipoona shule haimwingii, akamfundisha kuendesha trekta. Yeye akawa fundi wa matrekta ya shamba, Ngowa akawa dereva. Ngowa alikuwa dereva hodari, hilo nalisema bila kupendelea mtu. Shamba lilipofungwa wakateremka Kisauni na wake zao, Kiponda akafungua gereji, Ngowa akakaa mwaka mzima akibeba mizigo na kununa.

Aliyewatoa hapo ni Dishon, mtu wa magharibi mwa Kenya anayeuza maji. Kwetu mifereji ya nyumbani hukauka wiki mbili, tatu, na maji huja kwa tangi linalovutwa na trekta. Dishon alikuwa amenunua trekta kuukuu kutoka shambani, limepauka mpaka huwezi kujua lilikuwa la rangi gani, akalileta kwa Kiponda.

"Fundi, hii mashine inatembea kama bibi harusi," alisema. "Wenye malori wananimaliza. Ukiipea mbio, nakuletea zingine sita."

Kiponda alicheka, lakini jioni ile nilimwona amelala chini ya trekta, bisibisi ndefu ameitia sikioni, ncha yake imegusa gia, akisikiliza. Akianza kusikiliza hivyo, ujue chakula kitapoa. Kwa wiki tano hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Aliifungua gavana inayozuia injini isizidishe mwendo. Akatafuta meno ya gia kwenye vyuma chakavu vya Changamwe, mengine ya lori, akayapeleka kuchongwa upya mara nne, na mara nne akayatupa. Trekta la shamba hukimbia kilomita thelathini kwa saa, basi. Siku tulipolijaribu kwenye barabara ya Malindi nililifuata na pikipiki, na mshale wangu ukagusa sabini. Ngowa alikuwa juu ya kiti, shati limejaa upepo, anapiga kelele. Nami nilipiga kelele, mjinga mimi. Kiponda alisimama kando ya barabara akilia kwa furaha kabisa, na hakuona haya.

Sasa nisikilize vizuri. Trekta la shamba lina kitu ambacho gari halina: pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la nyuma la kulia, nyingine la kushoto. Shambani hilo ni jambo zuri. Ukifika mwisho wa tuta unakanyaga moja tu, gurudumu hilo linasimama na trekta linazunguka papo hapo. Lakini barabarani pedali hizo hufungwa pamoja kwa kikulabu kidogo cha chuma, ili magurudumu yote mawili yashike sawa. Ukisahau kukifunga kwenye mwendo wa shamba, utayumba, utatukana, utaendelea na safari. Ukisahau kwenye sabini, na nyuma unavuta lita elfu tano za maji, utakufa.

Kiponda alilijua hilo kuliko mtu yeyote Kisauni. Ndiyo maana siku ya mwisho, kabla ya kumkabidhi Dishon trekta lake, aliniita nizichomelee pedali zile ziwe kitu kimoja. Nilikuwa nimeshawasha mashine na kuvaa kioo. Ngowa, ambaye Dishon alikuwa ameshamwajiri kuliendesha, akaja mbio, akaweka kiganja juu ya pedali.

"Kaka, tafadhali," alimwambia Kiponda. "Vichochoro vya Junda unavijua. Na tangi nyuma, bila breki ya upande mmoja sipiti hata kona moja. Kiache kikulabu, nitakifunga nikiingia barabarani."

"Utakumbuka?"

"Nimeendesha matrekta miaka kumi na minane. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Kiponda aliziangalia zile pedali, akamwangalia Ngowa, ambaye kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima alikuwa na uso wa mtu mwenye kazi. "Wacha, Kyalo," akaniambia. "Mwenyewe anajua kazi yake."

Nikazima mashine. Kazi yenyewe isingemaliza dakika tatu. Nikiandika haya nina hasira, na hasira nyingine ni yangu mwenyewe juu yangu.

Miezi ya kwanza Kiponda alimuuliza kila jioni, "Ulifunga?" Naye Ngowa alijibu, "Nilifunga." Mwishowe swali lenyewe likawa mzaha. Watoto wa mtaa wakimwona Ngowa walimpigia kelele, "Ulifunga?" naye akiinua dole gumba. Kitu kikishageuka mzaha hakiulizwi tena kwa dhati. Kiponda akaacha kuuliza.

Mwezi wa tano wa kazi hiyo, Jumatano asubuhi, Ngowa alimimina nusu ya maji Junda, akajipenyeza vichochoroni kwa breki yake ya upande mmoja, akaingia barabarani kuwahi wenye vibanda vya chakula Kongowea. Kikulabu hakukifunga. Karibu na soko, mkokoteni wa kabichi uliingia mbele yake. Mguu wake ulifanya kama ulivyozoea shambani, ukakanyaga pedali moja. Gurudumu la kulia likashika, la kushoto likaendelea, trekta likajipinda, na tangi likaja kwa nyuma likalisukuma mpaka likapinduka. Hamali wa mkokoteni hakupata hata mchubuko.

Tulifika na tuktuk, mimi na Kiponda. Tangi lilikuwa limepasuka, na watu walikuwa wamekuja na ndoo na mitungi wanakinga maji. Ngowa alikuwa bado chini ya usukani. Kiponda alipita katikati ya ndoo zile bila kumsukuma mtu, akapiga magoti kwenye tope, akapenyeza mkono mpaka akaipata pedali. Alitafuta kikulabu kwa vidole. Kisha akautoa mkono na kuuweka juu ya kichwa cha mdogo wake. Nilitaka kuwapiga wale wa ndoo, wote. Lakini kwangu pia mitungi ilikuwa mitupu siku ya nne.

Mkaguzi wa polisi aliandika kwamba kosa ni la dereva. Dishon akashusha pumzi. Mbele ya sheria Kiponda alikuwa hana deni lolote.

Tulimzika Ngowa kwao, pembeni ya baba yake. Kabla jeneza halijashuka, Kiponda alisimamishwa, akiwa ndiye mkubwa, awaeleze watu kifo kilivyotokea.

"Polisi wameandika kwamba Ngowa alikosea," alisema. "Dereva kusahau ni kawaida, na fundi anajua kuwa ni kawaida. Mimi nililipatia trekta mbio za barabarani nikaliachia breki za shambani. Nilijua. Kyalo yule pale alikuwa na moto mkononi, nikamwambia aache."

Pasta akaanzisha wimbo hata hajamaliza. Wazee wakamshika mabega wakimwambia asijitese, siku ya ndugu yake ilikuwa imefika. Mama yao, macho yake hayaoni tena vizuri, alisema, "Keti, mwanangu, umechoka." Wote walimsamehe harakaharaka, kabla hajaomba, nami niliona jinsi msamaha ule ulivyomuumiza.

Nyamvula, mjane wa Ngowa, ndiye peke yake aliyekuwa amesikiliza. Aliinuka kutoka kwenye mkeka, akaja mpaka mbele yake.

"Shemeji, kwa nini hukuzifunga?"

"Aliniomba."

"Alikuomba." Alilitamka polepole. "Kwani mkubwa ni nani kati yenu?"

Wimbo ulikuwa unaendelea.

Huu ni mwaka wa pili. Wenye matrekta bado wanamfuata, wengine kutoka mbali, naye huwaambia hafanyi tena kazi hiyo, anatengeneza tuktuk. Kila Jumamosi hupeleka unga na mafuta nyumbani kwa Nyamvula. Siku moja nilifuatana naye. Nyamvula alipokea kwa mikono miwili, akamshukuru vizuri kama mtu mwenye adabu zake, kisha akafunga mlango, nasi bado tumesimama nje.