Somo Wangu Ananiomba Radhi kwa Nguzo Aliyoing'oa

Admin, ukiiweka hii usiache hata herufi moja ya jina langu, maana Kigali ni ndogo na Waislamu wake tunajuana mpaka majina ya mabibi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, fundi cherehani, mjane, nina wajukuu. Visa vyenu nimekuwa nikivisoma huku nawacheka wanaolia kwa ajili ya wanaume. Leo nalia mimi, tena kwa ajili ya mwanamke.

Mwaka 1992 nilikuwa nimeolewa juzi tu, nikishona mlangoni mwa soko moja dogo hapa Kigali, karibu na Sonatubes. Pembeni yangu alishona Mwajuma. Alinizidi umri kidogo, ameshaolewa akaachika, na ndiye aliyekuwa somo wangu: yeye alinifunda kabla ya harusi, akanifundisha kukaa na mume, lini niseme na lini ninyamaze. Mbele yetu mdogo wangu Hadija, msichana bado, aliuza chai na mandazi.

Soko lile lilikaa mwisho wa mteremko. Kulikuwa na dereva wa pikapu, Gasana, aliyezoea kuegesha katikati ya wauza ndizi. Wazee wa soko walipomfukuza, alirudi makusudi akapita na gari juu ya bidhaa za watu, akaondoka anatukana kwamba hajamaliza. Miaka ile kila mtu alikuwa na woga wake, hatukungoja amalize. Tukachanga, tukasimamisha mlangoni nguzo fupi za chuma zilizojazwa zege, wapite watu, gari lisipite. Ya katikati ilikuwa ya kung'oa, yenye kufuli, kwa ajili ya lori la mizigo asubuhi. Ufunguo nikapewa mimi kwa kuwa cherehani yangu ilikuwa hapo hapo. Hadija akahamishia meza yake nyuma ya nguzo, akasema sasa atauza chai bila kugeuza shingo kila honi ikilia.

Sasa ikifika adhuhuri, mimi na Mwajuma tulikuwa na utaratibu wetu wa kike. Aliye kwenye siku zake hasali, basi yeye hubaki na ufunguo na cherehani zote mbili, mwenzake aende kuswali. Hakuna mwanamume aliyejua, nani atangaze mambo hayo sokoni? Siku hiyo Mwajuma alininong'oneza, "Nenda weye, mimi sisali leo." Nikamvika ufunguo shingoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa naswali niliposikia mayowe. Nilikimbia peku. Nguzo ya katikati ilikuwa imelazwa pembeni, kufuli limefunguliwa vizuri kabisa, na pikapu ya Gasana ilikuwa juu ya meza ya Hadija. Hadija alikuwa chini yake. Walimtoa hai, lakini hospitalini walimkata mguu. Gasana alitoroka, sikumwona tena.

Wazee walituita. Mkuu wa soko akauliza, "Funguo ilikuwa iko na nani wakati gari inaingia?"

Mwajuma akajibu bila kupepesa macho, "Iko na huyu, mzee. Mimi nilikuwa nimeenda kula."

Kweli, ufunguo ulikutwa kwenye droo ya cherehani yangu, na nilijua nani aliuweka. Nikafungua mdomo. Niseme nini mbele ya wanaume wale, na baba yangu mzazi amekaa? Nikisema nilimwachia yeye, wataniuliza kwa nini hakwenda kuswali; nijibu kwamba somo wangu alisema yuko kwenye siku zake? Yeye ndiye aliyenifunda kwamba mambo hayo hayatoki nje, hata iweje. Nilimtazama, naye alijua nitanyamaza. Nilinyamaza.

Nilifukuzwa sokoni. Hadija akaniuliza kitandani, "Dada, uliacha wazi?" Nikamwapia kwamba si mimi. Aligeukia ukutani, na mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Haukupita muda mrefu, tumbo la Mwajuma likajitokeza, kubwa kuliko miezi iliyopita tangu siku ile. Mwanamke hahitaji kufundishwa hesabu hiyo: siku ile hakuwa na siku zozote, alikuwa na mimba. Na mtoto alipozaliwa alikuwa Gasana mtupu, mpaka masikio. Nilichukia mpaka nikaugua.

Kisha ikaja 1994. Baada ya yale, nani angesikiliza habari za nguzo? Tuliobaki tulishikana. Ila Hadija alimshika Mwajuma, si mimi. Mwajuma amempikia, amemwogesha, amemlelea watoto. Hadija anamwita mama. Mimi nikienda Idi, naandaliwa chai na watoto, yeye hatoki chumbani.

Wiki iliyopita Mwajuma alikuja kwangu. Amejaliwa kwenda Hijja, na kama desturi yetu, anapita kwa jamaa kuomba radhi kabla ya kuondoka. Alifunga mlango, akapiga magoti.

"Mdogo wangu, nisamehe ile unayoijua. Gasana aliniambia anaingia kuchukua mzigo tu. Nilikuwa na mimba yake, aliniahidi ndoa."

Nikamwambia, "Twende kwa Hadija, ukaseme hivyo hivyo."

Akainuka upesi. "Hapana sha, mdogo wangu, huyo nitampoteza. Wewe nipe radhi, Mungu anatosha."

 Anamwogopa Mungu, mimi haniogopi wala hanionei huruma. Nikamwambia atapata jibu kabla hajapanda ndege.

Jana simu ikalia. Hadija! Nilikaa chini ndipo nikapokea.

"Dada, nasikia unamnyima mama radhi. Mimi nimeamua kukusamehe mguu wangu, kwa ajili ya safari yake. Sasa wewe unashindwaje kumsamehe mtu ambaye hajakukosea kitu?"

Sauti hiyo nimeingoja ujana wangu wote. Nikisema ukweli, namnyang'anya mdogo wangu mama aliyebaki naye, na huenda asiniamini tena. Nikisema ahsante, nimekiri kwamba niliacha wazi. Bado anangoja nimpigie. Nishaurini, ndugu zangu, nimwambie nini?