Kiti cha Kulia

Kaka yangu alinunua gari la zamani la Kimarekani, la milango miwili, boneti ndefu, injini inanguruma mpaka kuku wa mtaani kwetu Nyakato wanatawanyika. Usukani wake uko kushoto. Kwa hiyo mimi nilikaa kulia, mahali pa dereva, mikono mitupu.

Tangu tunatoka Musoma alikuwa anatengeneza gari la kwetu kwa mdomo. Wamarekani wangetuundia la mkoa wetu wa Mara, alisema, usukani ungekuwa kulia, lingeinuliwa kidogo kwa ajili ya makorongo, mbele lingefungwa ngao ya chuma ya kuzuia ng'ombe, juu keria ya magunia ya dagaa. Anaongeaga hivyo huku mguu unazidi kukanyaga mafuta.

Tulipopita njia panda ya Butiama tukakuta lori la pamba mbele yetu. Kutoka kule kushoto yeye haoni kinachokuja. Anayeona ni mimi.

"Kweupe?"

Nikasema kweupe. Tukatoka kulipita, na basi likachomoza kwenye kona, taa zinawaka. Aliturudisha nyuma ya lori sijui vipi. Mimi nilikuwa nakanyaga breki ambayo haipo.

Hata sijapata pumzi, akaendelea. "La kwetu lingekuwa na breki kubwa zaidi."

Nilitamani kumzaba kibao.

"Sasa je?" akauliza.

"Bado."

Aliuliza tena na tena mpaka tukaikaribia Bunda. Mbele ya lori barabara ilikuwa imenyooka, haina hata baiskeli.

"Bado," nikasema.