Mstari wa Kadzo Ulivyopanda

Mwenzenu nimeumbuka! Tangu huu mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 uanze, bidii ya ualimu imenipanda. Siku ya wazazi, shuleni kwetu Malindi, nikabandika ukutani chati nilizochora mwenyewe kuonyesha maendeleo ya wanafunzi wangu. Mstari wa Kadzo ulipanda kuliko yote! Kwa furaha nikamwita mamake mbele.

"Mama, mwanao apaa! Hashikiki!"

Wazazi wakapiga makofi, mama akapiga vigelegele. Kadzo peke yake aliinamisha kichwa.

Mwalimu mkuu akaisogelea chati, akasoma maandishi ya juu, kisha akaninong'oneza kwa ile sauti yake nene iliyosikika hadi nyuma: "Mwalimu, hii si ya alama. Ni ya siku alizokosa kuja."

Mama akamgeukia bintiye. "Kumbe kila asubuhi ukiniaga, huenda wapi?"