Ng'ombe Wawili wa Mzee Antonin

Giza bado halijapisha vizuri, na Odile Marchadier anamfungulia ndama. Ndama anakimbilia kiwele, ananyonya mara mbili tatu, kisha Odile anamvuta na kumfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake. Ng'ombe wa milima hii ya Cantal, Ufaransa, hashushi maziwa bila kumwona mwanawe.

Ng'ombe mwenyewe ni wa watu. Odile, mwenye miaka hamsini na sita, anaishi kwa kuwakamulia wenzake: mfugaji akiugua, akifiwa au akitaka kupumzika, anaitwa yeye. Analipwa kima cha chini cha mshahara, na sehemu ya pesa hiyo huishia kwenye masoko ya mitumba.

"Wengine wanavuta sigara," anasema. "Mimi nanunua ng'ombe wa ukutani."

Kwake kuna michoro ya rangi za mafuta, yote ya karne ya kumi na tisa: malisho, kondoo, maksai wakilima. Wachoraji wengi hawajulikani. Bata bukini wametundikwa chooni kwa kukosa nafasi.

Lakini mchoro alioutamani kuliko yote ulikuwa jikoni kwa jirani yake, Mzee Antonin Roussilhe: ng'ombe mwekundu, na ndama amefungwa mguuni pake, kama wanavyofungwa mpaka leo. Kila alipokwenda kumkamulia mzee, aliomba auziwe.

"Binti, nyumba imejaa ng'ombe na huna hata tone la maziwa," mzee alimtania. "Huyu wa nini tena?"

Mwaka huu miguu ya mzee iligoma. Wanawe wakamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee mjini, wakauza kundi zima. Akabaki Fleurette, ng'ombe kikongwe asiyezaa tena, ambaye hakuna aliyemtaka ila mchinjaji.

Mzee akampigia Odile simu. "Mchoro nakupa bure. Ila umchukue na Fleurette."

"Mzee, mimi sina hata bustani!"

"Basi na mchoro huna."

Odile alinuna, anakiri mwenyewe. Kisha akakodi kipande cha malisho nyuma ya kanisa, na ili kukilipia akauza michoro yake mitatu ya kondoo. "Iliniuma," anasema. "Wale kondoo walikuwa wazuri, jamani."

Siku ya kumhamisha Fleurette, alimkuta mzee ameketi jikoni, sanduku lake limeshafungwa. Odile akaushusha mchoro. Akauliza chumba cha huko mjini kikoje.

"Cheupe," mzee akajibu. "Cheupe tu, kila upande."

Odile akaufunga mchoro kwa blanketi, akauweka juu ya sanduku la mzee.

"Mjinga wewe," mzee akasema. "Ni wako huo. Nikifa utauchukua."

Siku hizi Fleurette anacheua nyuma ya kanisa, na ukutani jikoni kwa Odile msumari umeshagongwa. Ukimuuliza kuhusu mchoro anaoungoja, anacheka kwanza.

"Nautaka, sitakudanganya," anasema. "Ila uchelewe. Uchelewe sana."