Mahali Chakula Hakina Bei

Jamaa zangu wa Dar es Salaam wakiniuliza maisha ya Sumbawanga yakoje, huwa najibu neno moja tu: rahisi. Nalisema haraka kabla hawajauliza la pili. Ni jibu la kweli. Kodi ya chumba, debe la mahindi, gunia la mkaa, maziwa, viazi, vyote huku ni nusu ya bei ya kwao au chini ya hapo. Lakini kila nikilisema nahisi nimeacha mshono wazi mahali fulani, na mimi si mtu wa kulala na mshono wazi.

Mimi ni fundi cherehani. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua mitumba. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na marobota ya nguo kuukuu yakaanza kumwagika mjini, nilikuwa nanunua mashati yaliyochanika, nayafumua, natandaza vipande sakafuni nione kola inakaaje na mkono unaingiaje begani. Kisha nayarudisha yalivyokuwa. Nikikosea nafumua tena. Mama alikuwa ananitazama na kusema, "Wewe utamaliza uzi wa dunia kwa shati moja."

Mitumba hiyohiyo iliyonifundisha kazi ndiyo iliyoninyang'anya wateja. Nani angenilipa nimshonee gauni wakati lililo tayari limetundikwa barabarani kwa bei ya soda? Na mwenye nyumba wetu alikuwa anapandisha kodi kila alipotukumbuka. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Baba alikufa nikiwa mdogo. Mama alipika vitumbua alfajiri, akaviuza kwenye kibaraza cha nyumba, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyonilisha nikiwa nimekaa mbele ya cherehani isiyo na kazi. Niliona aibu hata kuongeza mchuzi. Umri wangu ulikuwa wa kumlisha yeye.

Mteja mmoja, mwalimu aliyekuja likizo kutoka Rukwa, akaniambia mafundi huko kwao hawatoshi. Wakatoliki wanataka magauni meupe ya Komunyo ya Kwanza kwa watoto wao, kwaya zinataka sare, na katika mitumba hupati sare. Kuhusu chakula alicheka tu. "Huko utakula mpaka uchoke."

Nikaanza kupiga hesabu. Nilizipiga nikifua, nikipika, nikiwa kwenye foleni ya maji. Kodi, unga, mkaa, maji, nauli. Nilizirudia kama ninavyorudia mishono, nikitafuta kosa, na kila mara Sumbawanga ilishinda. Kibaraza chetu sikukiingiza kwenye hesabu, kwa kuwa hatukuwa tukikilipia.

Majirani waliposikia walikuja kumwonea mama huruma kwa namna yao.

"Shoga, unakwenda Sumbawanga? Kwa wachawi? Utajikuta asubuhi uko juu ya paa."

"Nikifika juu ya paa," mama akajibu, "nitachungulia kwako nione sufuria yangu uliyoazima Mfungo Mosi."

Kibaraza kizima kilicheka. Mama alifunga vyombo vyake huku akicheka, na juu ya mzigo akaweka mbuzi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Nilimwambia ni kizito. Akaniuliza, "Na huko nitapikia nini?"

Tulipata chumba na ukumbi mdogo Katandala, mtaa wa Sumbawanga, nyumba ya tofali za kuchoma, kwa mama mmoja Mfipa, mjane kama mama yangu na wa umri wake, mkulima wa mahindi na ulezi. Kodi aliyotutajia niliirudia kumwuliza, nikidhani nimesikia vibaya. Ilikuwa Juni. Upepo wa nyanda za juu ulikuwa unapita chini ya mlango kama maji. Mama alivaa khanga juu ya khanga, na mwishowe akaniomba nimtafutie sweta la mtumba, yeye aliyekuwa ameapa kutozivaa nguo za marehemu wa Ulaya.

Kazi ilikuja kweli. Wazazi waliniletea watoto niwapime, na wengi hawakuwa na fedha, maana huku mkulima ana fedha pale tu anapouza. Walilipa kwa mahindi, maharage, kuku, mara nyingine samaki wa Ziwa Tanganyika, migebuka ya kukaushwa iliyotoka Wampembe. Magunia yalipanda ukutani nyuma ya cherehani. Niliyatazama kwa raha ambayo sitaificha. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nikiamka bila kujiuliza tutakula nini.

Mama ndiye ambaye hakuwa akila. Alipika maharage, akaonja, akafunika. Maharage bila nazi kwake yalikuwa maharage ya mgonjwa. Nazi sokoni hazikuwepo, na zilipoonekana moja moja bei yake ilikuwa ya kuku. Mama mwenye nyumba alimletea karanga zilizotwangwa, akamletea na mawese ya ziwani, akasimama kusubiri sifa. Mama alishukuru kwa adabu zote za pwani na kula vijiko viwili.

Zaidi ya chakula kulikuwa na mchana. Katandala ni mjini, ila watu wake ni wakulima. Asubuhi mtaa mzima ulibeba majembe ukaondoka, na hadi jua lipoe hapakuwa na mtu wa kumwambia hodi. Mama alitoa kiti nje kama alivyozoea, akakaa na sweta lake akitazama barabara.

"Hivi mtaa huu una wenyewe?" aliniuliza siku moja kupitia dirishani.

"Wako shamba, mama."

"Wote?"

Nilikuwa natoa ukosi wa gauni kwa mara ya tatu, nikajibu bila kuinua kichwa. Jioni akina mama walirudi, wakakaa uani kupukuchua maharage, wakaongea Kifipa na kucheka. Walipomwona mama anakuja waligeuza haraka wakasema Kiswahili, kwa heshima. Lakini kichekesho kilikuwa kimeshapita. Mama alitabasamu na wote, akapukuchua nao kimya, yeye ambaye Dar mtaa mzima ulisubiri afungue kinywa.

Nikamtafuta konda wa basi la Mbeya, nikamlipa aniagizie nazi kutoka Dar kwa wenzake. Niliona ni jambo la kushonwa tu kama mengine. Zilipofika, mama alizitikisa moja baada ya nyingine sikioni. Zilikuwa zimekaa sana njiani. Ya kwanza aliivunja ikatoa harufu iliyotufukuza jikoni. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa nzima. Mama akakaa juu ya mbuzi, akaanza kukuna, na mgongo wake ukarudi kuwa mgongo ninaoujua. Alipika wali kwa mchele wa kutoka bondeni Ilemba, akaugawa kwa majirani wote, kijiko kijiko.

Mama mwenye nyumba alionja. Akatafuna polepole, akatazama wenzake.

"Dada, usinichukie. Wali huu mbona unanukia mafuta ya nywele?"

Wenzake wakainama. Mama alimkazia macho, kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi wewe wako paka kichwani, wangu mimi nitautia tumboni!" Walicheka wote, Wafipa na yeye, kwa pamoja na kwa lugha moja. Nilirudi kwenye cherehani nikijiambia limekwisha, mama amefika.

Wiki hiyo haikuwa imekwisha aliponijia nikiwa napiga pasi. Alikaa juu ya gunia la mahindi.

"Nirudishe, mwanangu."

Nikaanza kumpigia hesabu. Kodi ya kule. Mkaa wa kule. Alinisikiliza hadi mwisho, kama unavyomsikiliza mtoto anayekariri.

"Nitakaa kwa mama yako mdogo," akasema. "Nitakula kidogo."

Nimekwisha sikia maneno mengi makali maishani, na hakuna lililonikata kama hilo. Nitakula kidogo. Mbele ya magunia yale.

Alirudi kabla mvua hazijaanza. Mimi nilibaki, kwa sababu hesabu ilikuwa hivi, na bado sijaona kosa lake: Dar nisingeweza kumlisha, Sumbawanga nilikuwa naweza kumlisha akiwa Dar. Nilikuwa napakia maharage na unga kwenye basi, na fedha kidogo nikizipata. Mbuzi aliiacha. "Kule zipo," akasema, "na wewe ipo siku utataka kupika chakula cha watu." Stendi alinirekebisha mtandio kichwani, kisha akapanda. Nikirudi nyumbani nilihisi wepesi fulani kifuani. Nilifanya kazi vizuri siku ile. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mwishoni mwa Aprili, nikiwa nimezungukwa na magauni ya Komunyo ambayo hayajapigwa pindo, mwenye duka la karibu na msikiti alikuja mwenyewe kunifuata. Dukani kwake ndiko kulikuwa na simu. Mama mdogo alikuwa amepiga. Mama anaumwa, amelazwa, anakutaja. Njoo.

Fedha taslimu niliyokuwa nayo isingenifikisha Mbeya. Nikamwomba muuza nafaka anunue magunia yangu, yote, kwa bei aitakayo. Alitikisa kichwa. Nikaenda kwa mwingine. Nikaenda sokoni kuuza kwa debe, na kila niliyemwuliza alikuwa na mahindi yake ya mwaka jana nyumbani. Mama mwenye nyumba alinikuta nimesimama katikati ya magunia.

"Mwanangu, nani akununulie sasa? Malori ya wanunuzi hayaji mpaka barabara ikauke. Haya mahindi hayana bei kwa sababu hayana pa kwenda."

Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu jambo analolijua tangu utotoni. Mimi nilikuwa nimeishi karibu mwaka mzima nikiufurahia urahisi ule bila kujiuliza unatoka wapi. Unga ulikuwa rahisi kwa sababu ya umbali. Chumba kilikuwa rahisi kwa sababu ya umbali. Na umbali huo sasa ulikuwa umelala kati yangu na mama yangu, umejaa matope.

Alitoka bila kuniambia aendako. Alipita kwa akina mama wa jumuiya yake ya kanisani, wale wale wa kupukuchua maharage, akarudi na fedha zimefungwa kwenye kona ya kitenge. Noti kuukuu, sarafu nyingi. "Nenda. Magauni tutapiga pindo wenyewe. Yatapinda, lakini watoto watatembea."

Basi liliondoka alfajiri, likazama baada ya Laela. Tulishuka, tukasukuma, tukasubiri trekta. Wanaume walikata matawi wakayatia chini ya magurudumu. Mvua ya mwisho ya msimu ikatunyeshea. Abiria walitaniana, "Konda, turudishie nauli, tumelipia kupanda siyo kulima!" na mimi nilisimama pembeni nikifumua na kushona kichwani njia nyingine zote ambazo ningeweza kupita: kama ningeondoka jana, kama ningeweka akiba ya fedha badala ya nafaka, kama nisingemleta kabisa.

Nilipopata simu Mbeya, ilikuwa siku ya pili. Mama mdogo aliniita jina langu la utotoni, na nikajua. Mama alikufa asubuhi ile niliyokuwa kwenye matope, akazikwa kabla ya magharibi. Kwa Waislamu maiti hasubirishwi, na hakuna aliyekosea. Tena wangemsubiri nani? Mtu wa Sumbawanga?

Nilifika matanga yakiwa yanakaribia kuanuliwa. Kibaraza cha mama mdogo kilikuwa kimejaa majirani wetu wa zamani, na mmoja wao, yule wa sufuria, alinishika mikono akaniambia, "Mama yako alitupikia maharage yako mwezi mzima. Ya nazi. Anatuambia, kuleni, msione haya, kwa mwanangu chakula hakina bei." Aliponiambia hivyo alikuwa anataka kunifariji. Mama alikuwa amejivunia mji ule ulioshindwa kumshibisha, na aliujivunia kwa ajili yangu.

Nilimwuliza mama mdogo kama mama alikuwa anakula kidogo. Hakunielewa swali. "Kula? Mama yako? Alikuwa anamaliza sufuria."

Kabla ya kurudi nilikwenda sokoni nikachagua nazi mwenyewe, nikizitikisa sikioni kama alivyofanya yeye, nikizikataa nyingi mpaka muuzaji akachoka. "Dada, unanunua nazi au unachumbia?" Nilizipakata njia nzima. Sikumkabidhi konda.

Sumbawanga nilikuta magauni yamekwisha, pindo zikipanda na kushuka, na watoto wameshaahidiwa watayavaa hivyohivyo. Nilitamani kuyafumua. Badala yake nikawasha jiko. Nikakaa juu ya mbuzi ya mama, nikakuna nazi vibaya, nikapika wali kwa wale akina mama wa jumuiya, chakula cha watu kama alivyosema. Walikuja jioni kutoka shamba, wakanawa, wakanipa pole kwa Kiswahili na kwa Kifipa, wakakaa mkekani. Niliwapakulia. Mama mwenye nyumba nilimjazia sahani kuliko wote.

Alitafuna, akameza, akachota tena, macho chini. Nilikuwa nimekaa mbele yake na sahani yangu mkononi, nikimsubiri aseme kuhusu mafuta ya nywele. Alimaliza wali wote. Akaweka sahani chini taratibu, akaniambia, "Mtamu, mwanangu."